Nani Aliyakunjua Maua ya Bibi?

Tulitoka kwenda kunywa chai, tukayaacha maua ya karatasi ya bibi yangu mezani yamechanua. Tuliporudi, hayakuwapo.

Sisemi yaliibwa. Karatasi zilikuwa palepale kwenye sinia, juu ya kibandiko chenye jina lake. Ila zilikuwa zimekunjuliwa zote, zikanyooshwa kwa kiganja na kupangwa kwa ukubwa, ukingo juu ya ukingo, kama vipande vya kitambaa vinavyosubiri kushonwa.

Ya wazee wengine hayakuguswa hata petali moja.

Na onyesho lilikuwa kesho yake.

Damu ilinipanda kichwani. Sikuhitaji kuuliza nani. Moyoni nilikuwa nimeshamhukumu zamani, nilichokosa ni kosa tu.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Nilijitolea katika kituo cha mchana cha wazee kwa sababu niliamini, na bado naamini, kwamba uzee si chumba cha kusubiria. Bibi yangu, mama mzazi wa mama yangu, alikuwa akishinda pale, na jioni nilirudi naye nyumbani, kwenye chumba tunacholala sote wawili.

Ni mimi niliyeleta wazo la sanaa ya kukunja karatasi. Baridi ilikuwa inakatika, miti ya barabarani ilikuwa bado mitupu, nikasema: mbona tusiyatangulie majira ya machipuko? Tukunje maua, vipepeo na mbayuwayu, tuvitundike kwenye tawi kavu katika dirisha kubwa linalotazama kituo cha basi, wapita njia wajue kwamba humu ndani kuna watu.

Wazee walilipenda wazo. Mimi wakanibandika jina la Chuo.

"Chuo, njoo! Kipepeo wangu ametoka popo!" alikuwa akiniita Mzee Kapelo, ambaye hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake bila kofia.

"Mzee wangu, umeruka mkunjo."

"Sijaruka, mama. Kwa magoti haya niruke nini?"

Bibi yangu walimwita Fundi, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa mshonaji. Nguo za mtaa mzima zilipita chini ya sindano yake. Sasa vidole vyake vinatetemeka, na mkono wa kushoto haufungi sawasawa.

Kwa hiyo nilikuwa nikimsaidia. Akikwama, nilimwambia, "Lete, bibi, nikumalizie," na dakika haipiti ua limekamilika, pembe zake kali kama kola mpya. Kila aliyepita alisimama kwenye sinia lake.

"Fundi ni fundi tu!" walisema.

Bibi alitabasamu bila kuonyesha meno. Nikaamini ni unyenyekevu.

Kisha akaja yule msichana.

Alikuwa wa rika langu, anajitolea kama mimi, mzito wa kusema na mzito wa kutenda. Neno lake lilikuwa moja, "Taratibu," na ndilo wazee walilomwita. Mimi nilikunjisha karatasi laini za dukani, ndogo, za rangi tamu. Yeye alileta kalenda za zamani, akazikata vipande vikubwa kama leso, na kijiko cha kukandamizia mkunjo kwa mgongo wake.

Na hakugusa karatasi ya mtu. Kamwe. Mzee akikosea, Taratibu aliikunjua ya kwake mpaka palepale alipokosea mzee, wakaanza upya pamoja. Mezani pake walimaliza ua moja wakati kwangu tumemaliza bustani.

Moyoni nilimcheka. Mpaka asubuhi niliyomkuta bibi yangu amekaa meza ile.

"Bibi, kiti chako kiko huku."

"Nimekaa tu mara moja, mama. Hapa kuna mwanga."

Mwanga! Dirisha lilikuwa upande wangu.

Tangu siku hiyo alikuwa anaanza kwangu na kumalizia kule. Na usiombe tukifika nyumbani. Taratibu kasema hivi, Taratibu kafanya vile. Nikimpikia, "Taratibu naye anapenda kitunguu kiive hasa." Nikimchana nywele, "Yule mtoto ana mikono mipole."

"Na mimi nina mikono gani?" nilimuuliza siku moja.

"Wewe? Wewe una mikono hodari," akajibu, akageukia ukutani.

Hodari. Nililigeuza neno hilo kila upande, sikupata mahali lilipokuwa tamu.

Siku nyingine niliingia chumbani bila kubisha, bibi akasukuma kitu haraka chini ya mto. Alipokwenda kunawa, nikainua mto. Karatasi ya kalenda. Imekunjwa na kukunjuliwa hadi imelegea kama kitambaa.

Ningekuta picha ya mjukuu mwingine isingeniuma kama ile karatasi. Nikasema kimoyomoyo: haya, ananiibia bibi yangu, tena kwa karatasi za kuokota.

Sasa unaelewa kwa nini, tuliporudi kutoka kwenye chai, sikuwa na haja ya upelelezi. Sote tulikuwa uani. Bibi alikuwa ameaga kwenda msalani, akakawia mpaka chai yake ikapoa, lakini huo ulikuwa mwendo wake wa kawaida. Taratibu peke yake ndiye aliyebaki ukumbini, akifagia vipande vya karatasi.

"Uliyekuwa humu ni wewe," nikamwambia mbele ya watu wote.

"Ndiyo. Nilikuwa nafagia."

"Ukafagia na maua ya bibi yangu?"

"Mimi karatasi ya mtu siigusi. Unajua."

"Najua ulivyoona watu wanavyoyasifu! Hukulala! Umeona bora yasionekane kabisa!"

"He!" Mzee Kapelo akavuta kiti. "Kumbe chai ilikuwa utangulizi."

Mlezi wa kituo, tuliyemwita Mama Funguo kwa mzigo wa funguo uliolia kiunoni mwake, alitufikia. Akalitazama sinia, akamtazama Taratibu.

"Binti, nani kafanya hivi?"

Taratibu akatazama sakafu. "Si mimi, mama."

"Basi ni nani? Ulikuwa humu."

Taratibu akauegemeza ufagio ukutani.

"Anayeharibu kazi ya wazee hana nafasi hapa. Sema, au uvue aproni uende."

Nami, naomba mnielewe, nilitamani aivue. Nilikuwa tayari nakiona kile kiti kando ya bibi yangu, kitupu, kinanisubiri.

Taratibu akapeleka mikono mgongoni, akaanza kulegeza fundo la aproni. Hakulia. Alilegeza taratibu, kama afanyavyo kila kitu.

"Muacheni mtoto wa watu," sauti ikasema. "Ni mimi."

Bibi yangu alikuwa amesimama, ameshika meza.

"Nilikwenda msalani, nikapita huku. Akaniona, nikamwomba anyamaze. Sikujua mtamwandama hivi."

"Bibi!" Nikamsogelea. "Maua yako mwenyewe? Kwa nini?"

"Wivu," akasema.

Mama Funguo akazishika funguo zake zisilie.

"Wivu wa nani?" nikamuuliza.

"Wako wewe. Maua yangu yako wapi pale? Mimi nilikuwa naanza kona moja, wewe unasema lete nikumalizie. Kesho watu watasimama dirishani waseme Fundi hodari, na Fundi ni wewe. Mimi nimeshona miaka yote, najua kazi ya mkono wangu. Nikitazama vidole vyako vinavyokwenda, mjukuu wangu, nilitamani nikunyang'anye. Nilikuonea kijicho, mtoto wa mwanangu! Unadhani naona raha?"

Niliziangalia tena zile karatasi, ukingo juu ya ukingo. Nani mwingine pale ndani angeweza kuharibu kitu kwa unadhifu ule?

"Ungeniambia," nikasema. Sauti ilinitoka ya kitoto.

"Ningekuambia lini? Kila nikifungua mdomo umeshamaliza."

Mzee Kapelo alicheka, akajikohoza alipoona hakuna mwingine anayecheka.

Nilimgeukia Taratibu, fundo la aproni likiwa nusu wazi. Nikamwomba radhi mbele ya wale wale niliomshtaki mbele yao. Kisha nikazunguka nyuma yake nikamfungia fundo, na vidole vyangu hodari vikashindwa mara mbili.

Bibi akachomoa kitu kutoka mfukoni mwa gauni. Karatasi ya kalenda, ile ya chini ya mto. Akaketi. Tulimsubiri wote, nami nikaikalia mikono yangu, kweli kabisa, chini ya mapaja, maana ilikuwa inajiendea yenyewe. Alikosea, akakunjua. Akakosea tena. Mara moja alinitazama kama anayengoja nimwambie lete. Sikusema.

Kesho yake, kwenye lile tawi kavu, katikati ya maua ya wenzake, chini ya jina la Fundi kulikuwa na mbayuwayu mmoja. Bawa moja refu kuliko jingine, na ubavuni bado zinasomeka tarehe za mwezi uliopita.

"Huyo akiruka atazunguka tu," akasema Mzee Kapelo. "Hafiki kokote."

"Afike wapi?" bibi akamjibu. "Si ameshafika?"

Na safari hii alicheka meno yote nje.

Sitawadanganya kwamba wivu umekwisha. Bado anakaa meza ya Taratibu, na bado roho huniuma kidogo. Ila nami huvuta kiti hapohapo na kuikalia mikono yangu. Wewe unayesoma, kama una mzee unayempenda, mpe karatasi, mpe na muda. Halafu mwache akosee. Yale unayommalizia kwa mapenzi, huenda ndiyo anayoyalilia ukigeuka.