Feni ya Mashine ya Tisa

Katika chumba kimoja cha watabiri wa hali ya hewa mlikuwa na mashine ishirini na nne za kompyuta, kila moja ndani ya kabati lake, zote za kazi moja: kupiga hesabu ya mvua. Hesabu ilikatwa vipande, kila mashine ikachukua chake, zikaanza kwa pamoja. Lakini kabla ya kuingia hatua ya pili lazima zipeane majibu, kwa hiyo ikichelewa moja, zote hukaa zikiisubiri.

Iliyochelewa siku zote ni ya tisa.

Fundi waliyempachika jina la Fundi Feni, kwa kuwa alijua ugonjwa wa mashine kwa kusikiliza feni yake tu, hilo hakutaka kulisikia. Ya tisa ilifungwa na mkewe kwa mikono yake, walipokuwa wakifanya kazi pamoja, miezi minne kabla hajafariki. Feni yake ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena, vilevile kama mkewe alipokuwa akisafisha koo kabla ya kusema neno. Basi fundi akawa anasimama pale na kitambaa cha vumbi mkononi, anangoja aambiwe.

Wenzake wakamtania kwamba ameoa kabati. Akacheka nao, kisha akarudi ndani. Alipoulizwa sababu ya ucheleweshaji alisingizia nyaya, akazibadilisha zote, na nyaya zenyewe hazikuwa na neno.

Ndipo siku moja tahadhari ya mvua iliyotakiwa kutoka asubuhi ikatoka mchana, maji yamekwisha kuingia shule ya bondeni. Mkuu wake wa kazi, aliyekuwa shoga wa marehemu, akaja akaketi karibu naye.

"Shemeji, hakuna aliyekufa," alisema taratibu. "Ila watoto wamesimama juu ya madawati saa mbili nzima, wanangoja mashine yako."

"Si yangu."

"Ya nani, basi?"

Mkuu akamwambia achague mwenyewe: aitengeneze leo, au kesho iondolewe.

Fundi akaizima ile ya tisa. Feni ikazunguka polepole, ikakwaruza mara moja, ikatulia. Alipoifungua aliona alichokuwa akikikwepa mwaka mzima: unywele mrefu umejizungusha kwenye mhimili, feni haipulizi sawasawa, na mashine ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Dakika tano za kazi. Mwanafunzi angeiweza.

Aliutoa kwa kibanio, duru baada ya duru, bila kuukata. Akaukunja ndani ya karatasi, akaitia mfukoni mwa shati.

Alipoiwasha tena, hesabu ilikwenda hatua kwa hatua bila kusimama, na tahadhari ya siku iliyofuata ikatoka mapema. Mkuu alipokuja kumshukuru, alimkuta katikati ya chumba, ameinamisha kichwa, sikio upande wa makabati.

"Unasikiliza nini, shemeji?"

"Zote zinalia sawa," alisema. Akaanza kuhesabu kwa kidole kutoka mlangoni, aijue ya tisa ni ipi.