Blanketi Sita za Nekoye

Mama mkwe wangu, Nekoye, alishona blanketi za vipande. Alijifunza kwa akina mama wa misheni: vipande vya kitambaa juu, pamba ya Malakisi katikati, kitambaa cheupe cha marekani chini. Vipande aliviokota chini ya meza ya fundi cherehani mjini Bungoma, kila Ijumaa, kabla hapajafagiliwa.

Mwaka wa 1949 mume wake alikufa. Siku ya kunyoa nywele kumaliza matanga, nguo za marehemu ziligawiwa ndugu, kama ilivyo kwetu, haziuzwi. Mdogo wa mumewe, Wabwile, alipata koti. Mwezi haujaisha akaja kumtaka mama ahamie kwake, yeye na shamba.

"Mjane atakula nini, shemeji? Uzi?"

"Ngoja niuze hizi sita," mama alisema. "Nikishindwa, tutaongea."

Tulizipeleka sokoni Chwele, mimi mtoto mgongoni. Bei ilikuwa shilingi kumi na mbili. Watu walizishika, wakazinusa, wakazirudisha. Rispah, muuza vyungu, aliyemwita mama kwa jina la mwanawe, ndiye aliyetutobolea siri.

"Mama Mukhisa, ati umeshonea nguo za mzee humo ndani. Wabwile anasema koti alilopewa halina bitana, ile nguo laini ya ndani. Imekatwa na makasi."

"Wabwile anasema mengi."

"Si unijibu tu, bana? Imekatwa ama haijakatwa?"

Mama alikunja blanketi zake. Njia yote ya kurudi nilimwangalia mgongo, naye hakugeuka. Nyumbani nilichukua ile anayolalia mtoto wangu, nikaikagua kipande kwa kipande. Sikuona kitu. Hata hivyo niliiweka kando, nikamfunika na leso yangu.

Wiki iliyofuata mama aliniambia twende Kitale, mahali hakuna anayemjua. Akapunguza bei mpaka nane. Tulipanda lori la mahindi.

Kitale tulielekezwa kwa Wacuka, mama wa Kikuyu aliyekuwa na nyumba ya kulaza wageni. Vitanda kumi, na baridi ya kule ni ile ya kutoboa mifupa. Nikajua tumefika. Lakini aliposikia bei alirudisha mkono kama aliyeshika moto.

"Nane? Na kazi yote hii? Umeiba kwa mzungu gani?"

"Nimeshona mwenyewe."

"Hata mwizi husema hivyo. Mimi sitaki polisi kwangu, mama."

Mama hakubishana. Aliketi mlangoni, akatoa sindano na vipande, akaanza kushona. Wacuka alienda jikoni, akarudi. Akaenda kwa kuku, akarudi. Kila mara aliinama kutazama mishono, kisha akaitazama ile ya blanketi. Nilinyonyesha mara mbili. Jua lilipogeuka, kazi ilikuwa upana wa sinia tu.

"Nzima inachukua siku ngapi?"

"Ishirini na tano, kama mvua hainiiti shambani."

"Na unauza nane! Basi unajiibia wewe mwenyewe. Nitakupa kumi na nne kila moja. Lakini uniapie hakuna nguo iliyovaliwa humu."

Mama alivuta moja kutoka katikati, akaikumbatia. Pembeni niliona kipande cha kijivu chenye mistari, laini, kisichofanana na vile vya fundi.

"Hizi tano naapa," alisema. "Hii siuzi."

"Ni ya nani?"

"Ya mume wangu. Ina bitana ya koti lake. Nilitaka kitu chake kimoja kikae kitandani kwangu. Halafu woga wa njaa ukaniingia, nikaichanganya na zingine."

Sikuweza kumtazama. Wacuka naye alizifungua zile tano upya, moja moja, kwenye mwanga. Ndipo akalipa, akaagiza zingine tano kabla ya Krismasi. "Lakini nitakagua," alisema.

Tuliporudi, Wabwile alikuwa uani akingoja.

"Umeuza?"

"Tano. Ya sita ni ya kitanda changu, na unajua kwa nini. Nimeagizwa tano zingine. Sihami."

Wabwile alikohoa. "Moja ni bei gani?"

"Kumi na nne."

"Hata kwa shemeji?"

"Kwa shemeji kumi na tano. Umeniharibia soko la Chwele."

Hakununua. Habari ya kuhama hatukuisikia tena, ingawa mpaka leo akipita kwetu hugeuza pembe za blanketi zilizoanikwa.