Seng'enge Kwenye Njia ya Watu

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ingawa mpaka leo inanichanganya kichwa. Nilikuwa mke mpya hapa kijijini Merikit. Mume wangu, Owora, alikuwa ameziba kwa seng'enge njia ya miguu iliyokatiza shamba letu. Njia ya zamani. Hata babu zake waliikuta. Lakini ng'ombe waliopitishwa pale walikuwa wakitumalizia muhogo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeulilia. Sasa wanawake walizunguka mbali na madumu ya maji kichwani, wakinisalimu nusu nusu. Sikujua nimwonee nani huruma.

Asubuhi hiyo watu walikuja na jeneza la mzee Obbo, jirani yetu, wakimpeleka kuzikwa kwa baba zake ng'ambo ya bonde. Walipofika kwenye seng'enge, wakaliweka chini. Hakuna aliyetukana.

"Zungukeni kule juu," Owora akasema.

Binti wa marehemu akajibu, "Baba amepita hapa tangu utotoni. Leo azunguke kwa sababu gani?"

Mafahali wakipigana, nyasi huumia. Nyasi nilikuwa mimi. Nimtetee mume, nimkosee maiti? Niwatetee wao, nimwaibishe mume mbele ya watu? Kila upande niliona una haki.

Mama mkwe wangu, Nyaketcho, akatoka jikoni, akamshika mwanawe bega.

"Owora, siku nakuzaa wewe, mkunga alipita wapi?"

Owora akaingia ndani. Alileta koleo, akakata waya mwenyewe, kisha akatia bega chini ya jeneza, akaenda nao mpaka kaburini.

Sitakudanganya: ng'ombe walirudi kula muhogo. Baadaye tulipanda ua wa miti pande zote mbili za njia, shamba likapungua, salamu zikarudi. Tulipata au tulipoteza? Mwanangu, mimi sijui kupima.

Ninalojua ni hili. Mtu ni watu. Siku hizi wapimaji wa ardhi wanazunguka vijijini, na kila mmoja anataka hati yake. Kabla hujaweka jiwe la mpaka, waite majirani, waulize wanapopita, na njia ya wote ichorwe kwenye ramani. Zuia ng'ombe kwa ua, usizuie watu. Ukiwa na shaka, kama mimi, uliza kwanza; waya unaweza kungoja.

Mungu akupe shamba la kukutosha, na wa kukubishia hodi wasikauke mlangoni pako.