Nyumba ya Kijani ya Ersilia

Nyumba nyingi za bandarini kwetu nimezipaka rangi mimi. Ya Ersilia sikuwa nimewahi kuigusa. Ilikuwa kijani kama chura, peke yake kati ya nyekundu mbili, na mumewe Bertumè, mvuvi, aliipaka mwenyewe kila baada ya miaka mitatu. Vibaya. Nilimwambia hivyo kila mara, naye alinitukana mpaka babu yangu.

Siku moja akaja mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Genova, Daktari Quaglia, na watalii wanane nyuma yake. Akakwangua ukuta kwa kijisu, tabaka baada ya tabaka, ya tisa ikatoka nyekundu. Watalii wakapiga makofi. Halmashauri ikaamua: urithi ni urithi, nyumba irudi nyekundu. Kazi nikapewa mimi.

Jumatatu niko juu ya jukwaa, Ersilia akatoa kichwa dirishani.

"Dria, shuka."

"Shemeji, nimetumwa."

"Hata punda hutumwa. Shuka."

Nilidhani ni ubishi wake tu. Mwanamke huyu aliwahi kumnunia padri mwaka mzima kwa sababu ya kengele. Nikachovya brashi. Akanidaka mkono, vidole vyake baridi.

"Bertumè haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni, we mjinga. Nimekuta dawa ya macho kaificha kwenye sanduku la ndoana. Mimi mwenyewe nikinyamaza hajui niko wapi. Anachoona ni hiki kijani, kama doa. Anakilenga kwa pua ya boti, ndiyo anapita katikati ya miamba. Ukipaka nyekundu, nyumba tatu zinakuwa kitu kimoja. Atanifia hapo mbele nikimwangalia."

"Si uwaambie halmashauri?"

"Wamnyang'anye leseni ya boti? Huyo akikaa nyumbani mwezi mmoja, namzika."

Nikashuka. Nikasingizia mgongo, nikasingizia mvua ambayo haikunyesha. Siku nne hizo. Ijumaa Quaglia akaja mwenyewe, na watalii wake.

"Mama, nyumba hii si yako peke yako. Ni ya historia."

Ersilia akabembeleza. Akasema rangi ni wosia wa mama mkwe. Akasema nyekundu inamwasha ngozi. Hapo nikacheka, na mpaka leo najuta.

"Fundi, panda," Quaglia akasema.

Nikapanda. Brashi ilipogusa ukuta, Ersilia akaishika miguu ya jukwaa kwa mikono miwili.

"Mume wangu kipofu. Rangi hii ndiyo inamrudisha nyumbani."

Quaglia akawatafsiria wageni. Mmoja akaanza kulia, mwingine akapiga picha. Nyuma yao alikuwa amesimama Bertumè na kikapu cha dagaa, mkono mmoja ukutani.

"Kumbe unajua," akamwambia mkewe. "Na mimi nilikuwa nakuficha wewe."

Jumatatu wakaja kuchukua leseni. Nyumba wakaiacha kijani, wakabandika na kibao cha urithi. Quaglia husimama hapo na wageni wake, husimulia vizuri sana. Boti imevutwa juu ya changarawe ya ufukweni.

Mwezi uliopita Ersilia aliniita niipake upya, kijani kilekile. Bertumè alikuwa kwenye kiti mlangoni, ameupa ukuta kisogo.

"Imetoka vizuri?" akauliza.

"Kuliko ulivyokuwa ukipaka wewe."

Nikangoja. Hakunitukana.