Siku Niliyomsemea Mdogo Wangu

Ninavuka kwenda Goma kila siku isipokuwa Jumapili, na kila siku napapaswa. Mwanamke wa forodha anapitisha mikono mabegani, kwapani na kiunoni, halafu ananigusa mgongoni niondoke. Wageni wa kazi hii hukasirika, wengine hulia. Sisi wa zamani pale Grande Barrière, ile bariyeri kubwa ya mpaka kati ya Gisenyi na Goma, tuna desturi yetu: unataja ulichonacho kabla mkono haujakifikia. "Hapa ni simu. Hapa ni dawa ya mutoto." Mkono ukikuta kitu ambacho hukukitaja, hata kikiwa kitana, umeshakuwa mwongo.

Desturi ya pili ni kusemeana. Mwenzako akisimamishwa, wewe uliye nyuma yake unasema, "Huyu namujua, hana kitu." Maneno hayo hayatolewi ovyo, kwa sababu ukimsemea mtu kisha akakutwa na kitu, mnatolewa kwenye mstari wote wawili. Katika miaka yote niliyopeleka viazi na mboga ng'ambo, nimewasemea wanawake wachache sana, na sikuwahi kukosea.

Nilikosea mara moja, na haikuwa mpakani. Ilikuwa Kigali, siku mdogo wangu alipokuwa anaondoka kwenda India kusomea ufamasia. Niliyemsemea alikuwa yeye.

Baba alitangulia kufa, mama akamfuata nikiwa na miaka kumi na mitano. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, nikabaki na kaka yetu wa katikati, ambaye leo anafanya kazi kwenye boti za ziwani pale Rubona, na huyu mdogo aliyekuwa na miaka sita. Mama alikuwa ameahidi kumtoga masikio kabla hajaanza shule. Nikaona hilo pia limekuwa langu. Nilipitisha sindano kwenye moto wa kibiriti, nikatia uzi mweusi, nikamweka mtoto katikati ya magoti yangu kama mama alivyoniweka mimi. Sikio la kwanza lilikwenda vizuri. La pili mikono yangu ilitetemeka, naye akavuta kichwa, sindano ikapita upande. Sikio lilivimba, likatoa usaha. Nilipoutoa uzi ule, tundu liliziba kwa siku mbili, likaacha kovu. Shuleni wakamwita Sikio Moja. Hakuwahi kunilaumu. Jioni alilaza kichwa kwenye paja langu, akilalia lile sikio zima.

Alipofika miaka kumi na minane alirudi nyumbani na kipini puani.

"Toa," nilimwambia.

"Yaya, ni kitu kidogo tu." Yaya ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu huku.

"Kidogo kwa nani? Watu watasema huyu hakuwa na mutu wa kumulea."

Hatukuzungumza wiki tatu. Tulilala chumba kimoja, nikampakulia chakula bila kumtazama. Siku moja akatoka bafuni pua yake ikiwa tupu, nami nikadhani nimeshinda. Tulianza tena kusalimiana, lakini tangu siku hiyo alinijibu kwa adabu, kama mtu anavyomjibu mwalimu. Ile adabu iliniuma kuliko kile kipini.

Kwa hiyo siku ya safari nilitaka jambo moja tu: asiondoke hivyo. Miaka minne si michache, na sikuwa na njia ya kumfuata. Asubuhi tulipanda basi, tukapita Kanama, mashamba yote yakiwa na ukungu, nami nikatafuta pa kuanzia. Nilichoweza kusema ni kwamba blanketi liko chini kabisa ya begi na chupa ya chai iko ubavuni. Begi nilikuwa nimelipanga mwenyewe, nguo moja moja.

"Asante, yaya," alisema. Akageukia dirisha.

Kule Kigali, kabla hujafika kwenye jengo lenyewe la uwanja wa ndege, magari husimama na watu wote hushuka kupita kwenye mashine, hata wasindikizaji. Nilivua bangili zangu, nikataja simu, nikapita, mashine ikanyamaza. Akapita yeye, ikalia. Akatoa mkanda. Ikalia tena.

Askari wa kike aliyekuja na kile kifaa cha mkononi alikuwa ametusikia tukiongea, naye akatusemesha kwa Kiswahili safi cha watu waliokulia Tanzania.

"Una chuma chochote mwilini, mdogo wangu?"

Mdogo wangu aligeuka. Alinitazama mimi. Na mdomo wangu, uliozoea bariyeri, ukatangulia.

"Huyu namujua. Hana kitu. Begi yake nimepanga mi mwenyewe."

"Sijauliza begi, dada. Nauliza mwili."

"Hata mwili. Nimemulea mi."

Kifaa kilipita kifuani kimya, kikafika tumboni, kikapiga kelele. Uso wa yule askari ulibadilika, na uso huo naufahamu sana. Ni uso wa mtu aliyedanganywa.

"Mmeniambia hakuna kitu. Haya, njooni huku. Wote wawili."

Nyuma ya pazia kulikuwa na benchi na saa ya ukutani. Askari alimwambia ainue blauzi. Hakuinua. Nilifikiria mambo mabaya yote niliyowahi kuona yakifungwa kwenye matumbo ya wanawake mpakani.

"Wakati unakwenda," askari alisema. "Ndege haitakungoja."

"Yaya atoke kwanza."

"Akitaka atoke. Simzuii."

Ningeweza kutoka. Sikutoka. Mdogo wangu akafumba macho, akainua blauzi.

Kilikuwa kijichuma kifupi kilichopita kwenye ngozi ya kitovu, na ushanga mmoja kwenye ncha. Tundu lilikuwa limepona zamani, safi, limenyooka. Aliyelitoboa alijua kazi yake.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Wakati ule wa kipini. Ulisema nitoe, nikatoa. Nikaenda Goma nikaweka hii."

"Sababu ya nini?"

"Sababu kila kitu yangu we unakijua, yaya. Nguo unanipangia. Nywele, we. Marafiki, we. Nilitaka kitu moja yangu."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Askari alikuwa ameanza kucheka. "Kumbe ndiyo hiyo tu! Mimi nimeshafikiria makubwa. Binti, watu wanapita hapa na vyuma mpaka kwenye ulimi, wanasema, tunaangalia, wanakwenda zao. Ungesema tu." Kisha akanigeukia. "Na wewe mama, usiwe unaapia tumbo la mtu mwingine."

"Mi si mama yake. Mi ni dada yake."

"Dada aliyemlea, nimekuona," alijibu, bila kucheka sasa. Alituambia kwamba ndani kuna mashine nyingine na watu wengine, na kwa kuwa tumeshachelewa, ni heri akitoe sasa, akivae akishapita. Akatuacha na pazia lake.

Mdogo wangu alijaribu kuufungua ushanga. Vidole vilikuwa na jasho, na kucha alizikata jana yake kwa sababu nilimwambia azikate. Viliteleza mara tatu. Machozi yakaanza kumtoka.

"Inakataa. Niache tu, nitapita nayo."

Nilipiga magoti kwenye sakafu. Akarudisha tumbo nyuma.

"Yaya, usivute."

"Sivuti."

Nilishika ushanga kwa pindo la kitenge changu ili usiteleze, nikauzungusha polepole. Nilitazama mikono yangu. Haikutetemeka. Ushanga ukalegea, ukatoka, nikakiteremsha kijichuma taratibu.

"Inauma?"

"Hapana."

Vyote viwili vikabaki kwenye kiganja changu. Nisidanganye: miaka miwili nyuma ningevitupa chooni, nikaona nimemsaidia. Mdogo wangu hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama kile kiganja, nami nikajua anangoja kuona kama nitakifumba.

Nilivua kitambaa changu cha kichwani. Sisi wavukaji tunafunga vitu vidogo kwenye ncha ya kitambaa, fundo dogo ambalo halifunguki lenyewe. Nilikifunga kijichuma na ushanga wake humo, nikamkabidhi kitambaa kizima.

"Ukishapita mashine ya mwisho, uivae palepale. Usingoje kufika. Ulisahau sikio lako? Siku mbili tu, likaziba."

Alilishika lile fundo kwa mikono miwili.

"Na we utarudi Gisenyi kichwa wazi hivyo?" akauliza. "Watu watasema."

"Wacha waseme."

Alicheka, huku pua inamtiririka, na akaniegemezea kichwa begani. Hakunijibu kwa adabu tena. Aliniambia, "Yewe, yaya, unanuka moshi wa basi," halafu tukatoka, na askari akatupungia tupite. Kwenye mlango wa jengo, ambapo msindikizaji hapiti, alinikumbatia kwa haraka kwa sababu ya muda. Niliona kitambaa changu kikining'inia mkononi mwake mpaka watu walipomficha.

Nilirudi kichwa wazi. Basi lilikuwa linakaribia Musanze simu ilipolia. Alikuwa ametuma picha moja: tumbo, na kijichuma kiko mahali pake. Hakuandika kitu chini yake. Sijamwonyesha mtu picha hiyo, hata kaka yetu, ambaye bado anadhani tulichelewa kwa sababu ya foleni.

Nilipotaka kuandika haya nilimpigia kwanza, kumwomba ruhusa. Alifikiri kidogo.

"Andika," alisema. "Lakini ule ushanga, usiseme ni wa rangi gani."