Siku Tuliyomzika Mac Harry

Nimemsahihisha mtu maneno ya wimbo alioutunga mwenyewe. Nimefanya hivyo mbele ya watu, kwa maandishi, kwa madaha yote ya mtu aliyemaliza kidato cha nne. Na kama hilo halikutosha, nikamwita marehemu. Yu hai, mzima, ana kofia yake magotini, na amenijibu. Tangu Jumapili sijaamini macho yangu, na chai ninayopika nasahau kuinywa.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa kwenye kochi langu hapa Auderghem, Ubelgiji, mahali ninapopatikana kila nisipokuwa kazini, nikakuta kwenye simu wimbo wa kantri wa utoto wangu. Chini yake vijana walikuwa wanabishana maneno. Nikapandisha miwani. Nikaandika insha ndefu kuhusu marehemu Mac Harry, mwana wa Tennessee, na kuhusu sisi washamba wa Kinangop, nyanda za juu za Kenya, tuliosikia "Kamau hom" pale Mwamerika wa watu aliposema "kamon hom", yaani njoo nyumbani, kama mwalimu wetu alivyotufundisha. Nikamaliza kwa "Mungu ailaze roho yake." Nikajisifu. Nikalala.

Ninyi mliokulia kule juu mnaujua ule wimbo, na mnaijua baridi ya kule. Enzi zetu sakitu, ule umande ulioganda, iliamka kabla yetu. Nyasi nyeupe, nyayo tupu, nasi tunakimbia hadi pale ng'ombe alipokuwa amelala, tunamwinua kwa teke la heshima, tunasimama palepale alipotoka ili miguu ipate joto. Kijana wa leo ukimwambia ng'ombe ndiye aliyekuwa hita yetu, anakutazama kama umetoroka mahali.

Redio ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na aliyeruhusiwa kuigusa kitufe ni baba peke yake. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati pamoja na maharagwe. Zikikataa kabisa, tuliziuma, na bado naijua ladha yake. Jumapili baada ya kanisa ndiyo ilikuwa saa ya kantri. Githeri inachemka, moshi unatuchoma macho, gitaa linalia, halafu inakuja ile sauti ya puani, ya mtu ambaye ungedhani ameachwa na mke na mafua yakamkuta siku hiyohiyo. Mac Harry! Maneno karibu yote tuliyapitisha puani kama yeye, bila kujua hata moja. Lakini kiitikio tulikijua, kwa sababu kilikuwa kinanihusu mimi. "Kamau, hom. Kamau, hom."

Mimi ndiye Kamau. Shuleni tulikuwa akina Kamau wengi, na kila mmoja aliapa kuwa anaitwa yeye, ila mimi nilikuwa na ushahidi: mama alikuwa ameuchukua wimbo ule na kuufanya kengele ya jioni. Akitaka niingie ndani, alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akabana pua, akaimba, "Kamaaau, hom!" Nami hata niwe katikati ya brikicho, nimejificha vizuri nyuma ya magunia ya viazi, nilijikuta nimeitika "naam!" kabla akili haijafika. Mchezo ukaishia hapo. Sikuwahi kushinda brikicho maishani mwangu.

Aliyenifungua masikio ni mwalimu wetu wa Kiingereza. Mtakumbuka ile diski, kile kibao tulichovishwa shingoni tukinaswa tunasema lugha ya nyumbani. Siku moja kiranja alinishika naimba "Kamau hom" karibu na choo, akanivisha. Nikakata rufaa: huo ni wimbo wa Kiingereza! Mwalimu akasikiliza, akakuna kidevu, akaamua. "Kamau ni Kikuyu. Amerika hakuna Kamau, wewe. Anasema 'kamon hom'. Ungeimba sawasawa usingevaa." Nikaivaa hadi jioni. Aibu ile ilinifanya msomi. Nilirudi nyumbani nikamsahihisha mama mbele ya wageni, nikamweleza kwamba hakuna Kamau yeyote katika wimbo ule. Akacheka kidogo.

"Haya, profesa," akasema. "Osha miguu ule."

Sasa niwaletee Macharia. Huyu alikuwa mkusanya maziwa, alipita kila asubuhi na mkokoteni wa punda, mikebe inagongana. Alivaa kofia pana ya ngozi, ukingo wake umeliwa na panya, na viatu virefu vya mvua alivyovikata juu ili vifanane na vya kaboi. Ng'ombe hakuwa naye hata mmoja. Alitumbukiza kipimo chake kwenye maziwa, akakitazama, akamtazama mama.

"Mama Kamau, leo ng'ombe amekunywa mvua?"

"Amekunywa chozi langu, Macharia. Chukua uende."

Sisi tulimfuata hadi kona tukimwimbia, "Kaboi bila ng'ombe! Kaboi wa punda!" Hakuwahi kutukasirikia. Alikuwa anaimba wimbo fulani puani, na hakuna hata mmoja wetu aliyejisumbua kuusikiliza. Masikio yetu yote yalikuwa Tennessee.

Halafu wimbo ukapotea redioni. Jumapili ya kwanza tukangoja, ya pili tukangoja, na mtoto mmoja aliyekuwa na binamu Naivasha, kwa hiyo anajua mambo ya dunia, akaleta habari kwamba Mac Harry ametupwa na farasi akafa. Tulilia, nisiwafiche. Tukaamua azikwe kwa heshima. Tulichukua betri iliyokufa kabisa, tukailaza ndani ya kopo la kakao, tukachimba nyuma ya zizi. Mhubiri nilikuwa mimi, kwa kuwa marehemu alikuwa ananijua kwa jina, hata kama mwalimu alikataa.

Nikiwa katikati ya sala, mkokoteni ukasimama.

"Mnazika nani?" akauliza Macharia.

"Mac Harry."

"Alaa. Kafaje?"

"Farasi."

"Farasi ni wabaya," akasema. "Afadhali punda."

Akashuka. Akavua kofia, ndipo kwa mara ya kwanza tukaona kwamba ana upara. Akasimama nasi hadi nikamaliza, na nilimaliza polepole kwa sababu mtu mzima alikuwa anasikiliza. Kisha akauliza kwa adabu, "Alikuwa anaimba vizuri?"

"Kuliko wewe!" tukamjibu wote pamoja.

"Hilo kweli," akasema. Akavaa kofia, akamwambia punda twende.

Hiyo ndiyo picha niliyotembea nayo hadi Ubelgiji, nikiisimulia kwa kicheko kila nilipopata watu. Nimezeekea hapa. Nafua mashuka katika nyumba ya wazee, nikimaliza narudi kwenye kochi. Mama, naye amezeeka, ananipigia kila Jumapili na kuuliza lile lile: Desemba hii utakuja? Nami najibu lile lile: tutaona, mama. Nina sababu zangu. Kazini hawataki niondoke sikukuu. Ndege zinanivuruga tumbo. Nina mmea dirishani ambao hauwezi kukaa bila mtu. Nimesema "tutaona" kwa muda mrefu kiasi kwamba mmea wa kwanza ulishakufa, huu ni mwingine.

Jirani yangu wa mlango unaotazamana na wangu, maman Béa, mtu wa Lubumbashi, Kongo, ambaye "si" yetu kwake ni "shi" na "wa" yetu ni "ba", hana muda na sababu hizo. Yeye huingia bila kubisha, amebeba chungu cha sombe, yale majani ya muhogo ya kwao. Jumapili iliyopita, siku chache baada ya ile insha, aliingia akanikuta nilipo.

"Kamau, shi ungali mu ile kiti? Bon, hata kiti inachokaka."

"Maman, napumzika."

"Unapumzika ya nini? Haujafanya kitu."

Nikiwa natafuta jibu, kijiko cha sombe tayari mkononi, simu ikalia kunijulisha kwamba kuna mtu amejibu insha yangu. Nilifungua nikitarajia pongezi. Ilikuwa video. Kijana mmoja mtangazaji, suruali imechanika magotini kwa makusudi, ameketi na mzee mbele ya nyumba ya mbao. Kando ya mzee kuna mkebe wa maziwa. Magotini pake kuna kofia pana ya ngozi, ukingo umeliwa na panya.

Nikasema, "Huyu ni Macharia wa maziwa. Anafanya nini hapa?"

Mzee akamgeukia kijana. "Niliimba kanda yangu, nikaipeleka Nairobi. Wakaniuliza jina, nikasema Macharia. Wakacheka, wakasema mtu wa viazi haimbi kantri. Nikarudi nyumbani, nikakaa mwezi, nikaipeleka tena kwa posta. Jina lile lile, ila nimelikata katikati. Sema polepole: Mac. Harry. Wakaipiga Jumapili iliyofuata."

Mac Harry. Macharia. Jamani! Nilisema lile jina kwa sauti, mara ya kwanza kwa Kiingereza, mara ya pili kwa Kikuyu, na kijiko kikanitoka mkononi. Maman Béa alikiokota, akaendelea kutazama. Mzee akaeleza maisha yake ya muziki, nayo hayakuwa marefu: baa za Naivasha na Nakuru, bendi iliyogombana, kanda ya pili ambayo hakuna aliyeitaka, kisha punda, wimbo ule wa kwanza ungali redioni. Sasa vijana wameufufua ule wimbo, wanaucheza kwenye simu zao, na yeye kifua kimeanza kumkataa.

"Na maneno, mzee?" akauliza kijana. "Watu wanabishana."

"Nimeona. Kuna bwana mmoja wa Ubelgiji ameniandikia insha." Akacheka, akakohoa. "Ameniita marehemu. Namshukuru kwa sala. Lakini amwambie na mwalimu wake: si 'kamon'. Ni Kamau."

Mwili wangu wote ukawa baridi, ile baridi ya sakitu.

"Kamau ni mdogo wangu," akasema. "Alikwenda Mombasa kutafuta kazi ya meli. Hakurudi, wala hakutuma neno. Nikafikiri, meli zinakwenda kwa wazungu, na wazungu wanasikiliza kantri. Nikauimba kwa Kiingereza ili ufike aliko, jina lake nikaliacha kama mama alivyokuwa akiliita. Akilisikia, atajua ni nyumbani."

"Alilisikia?"

"Sijui. Akina Kamau wengine walisikia. Wetu hakuja." Akageuza kofia magotini. "Desemba nitauimba uwanja wa shule, halafu basi. Pumzi imekwisha."

Nilitazama ukuta. Aliyevua kofia nyuma ya zizi letu alikuwa anasimama kwenye kaburi lake mwenyewe, nami nikamwambia marehemu alimzidi kuimba. Na mtu aliyekuwa anaimba puani kila asubuhi akipita na punda alikuwa anamwita ndugu yake, huku nyuma sisi tunampigia kelele. Niliona aibu hata mbele ya mmea.

Simu ikalia. Mama. Niliiweka kwenye spika.

"Umemwona?" akauliza kwa Kikuyu.

"Mama, wewe ulijua?"

"Kila mtu alijua. Isipokuwa ninyi mliokuwa mnasoma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshanieleza kwamba hakuna Kamau. Ningebishana na profesa? Nimemwambia Macharia ni wewe uliyeandika. Ameuliza, ni yule mhubiri wa betri? Nikasema ndiye. Akasema uje, safari hii umzike kwa mwili wake au uimbe naye, utachagua mwenyewe. Nimemwambia utakuja. Utakuja?"

"Tutaona, mama."

Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Nikasikia anavuta pumzi, na ile pumzi ilikuwa fupi kuliko nilivyoizoea. Kisha mama yangu, kwa sauti iliyokwaruzika, akabana pua akaimba kama amesimama mlangoni na mwiko.

"Kamaaau, hom!"

"Naam!" nikaitika. Kwa nguvu. Akili haijafika.

Akacheka, akakata simu.

Basi nikakaa pale. Enzi zetu wimbo mmoja ulitosha nyumba nzima, na neno tusilolielewa tulilibishania hadi likawa letu. Siku hizi hapa kwenye tramu kila kijana ana wimbo wake sikioni, maneno yanapita mbele ya macho yake yakiwa yameandikwa sawasawa, na akikosea, simu inamsahihisha kabla hajafika mwisho. Hawatawahi kumzika mtu aliye hai, maskini. Lakini pia hakuna atakayewahi kukaa jikoni, na moshi machoni, akaamini kwamba mtu aliye mbali kabisa anamwita yeye kwa jina lake. Sisi tuliamini. Kisha tukasoma, tukaacha kuamini. Uwanja wa shule bado uko, zizi bado liko, mama anasema hata lile kopo jembe lilishalifukua. Mlangoni bado kuna mtu anayejua ninapojificha, na sijui ni jioni ngapi zimebaki.

Niliinua macho. Maman Béa alikuwa bado amesimama na kijiko changu mkononi. Kikuyu hakijui hata neno, ila jina langu alikuwa amelisikia.

"Papa Kamau," akasema, "shi banakuita? Unangoya nini, batafsiri?"