Biira Asiye na Masika

Juma lililopita sikulala vizuri kwa sababu ya kijitabu chembamba. Nilikinunua Kasese mjini, kwa mwanamke anayeuza vitabu karibu na meza ya samaki wakavu, na nilipokifungua chumbani kwangu Bulembia kilinuka moshi wa samaki. Kabla sijasoma neno lolote, harufu ile ilikuwa imenifikisha nyumbani kwa mama. Kilikuwa kisa kipya cha Mama Veronika, shujaa wa vijitabu vya utotoni mwangu, na nyuma ya jalada waliandika kwamba safari hii anarudi katika nyumba ya msichana aitwaye Biira. Nikabaki na swali moja: nimpelekee mama, au nikifiche asikione kamwe?

Mimi ni mtu wa kuwaza mno. Nina shahada na bado sina kazi, kwa hiyo nafasi ya kuwaza ninayo tele. Lakini jambo hili lilianza zamani, nikiwa msichana mdogo Nyakiyumbu, karibu na Bwera.

Mama alivuka mpaka kutoka upande wa Beni watu walipokuwa wakikimbia vita, akiwa amenibeba mgongoni, akapanga chumba, akaanza kuuza maharage sokoni Mpondwe. Baba simjui. Mama hakujua kusoma, ila alipenda visa kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Rafiki yake wa sokoni, Papa Kasereka, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, ndiye aliyetuletea vijitabu vya Mama Veronika. Alivisafirisha kwa lori, katikati ya magunia ya samaki wakavu, na ndiyo maana vyote vilinuka moshi.

Mama Veronika alikuwa mpishi wa parokia katika kijiji fulani cha milimani. Kahawa ikitoweka kwenye turubai ilikoanikwa, au kengele ya kanisa ikikutwa haina ulimi, watu walibishana mpaka wakachoka, na yeye akajua ukweli akiwa anamenya ndizi. Katika visa vile hakuuawa mtu. Mwizi aliomba msamaha, wakala pamoja.

Jioni mama alimwaga maharage kwenye ungo na kuchambua mawe, nami nikasoma kwa sauti. Aliwashambulia watu wa kitabuni kana kwamba wamekaa jikoni kwetu.

"Huyu muzee iko mwongo! Ona vile anajibu mbiyombiyo."

"Mama, ni katekista."

"Na katekista hawezi iba? Soma."

Siku moja Papa Kasereka alileta kijitabu cha tano. Cha nne hatukuwa nacho. Nikamwuliza kwa wasiwasi kama inafaa kusoma cha tano kabla ya cha nne.

"Ya ine ilibakia kule ku bariyeri ya maaskari," alisema. "Ukisoma hii, utakufa?"

Nilifikiri sana kabla ya kumjibu kuwa sitakufa. Alicheka hadi akaegemea marobota yake.

Katika kisa hicho cha tano, mtu alikuwa anaacha maziwa kila asubuhi mlangoni pa mjane mmoja, na kijiji hakikujua ni nani. Mama Veronika alikwenda kisimani, akamkuta binti wa mjane huyo, akamwuliza jina. Binti akasema, "Biira."

Nilifurahi kupita kiasi. Biira ni jina langu! Nilinyanyua macho nimwone mama akifurahi nami, lakini alikuwa ameinamia ungo. Nikaendelea.

Kwetu Wakonzo, jina la mtoto hueleza nafasi yake. Binti wa kwanza wa mama ni Masika, wa pili ni Biira. Ukimkuta Biira katika nyumba isiyo na Masika, unajua kuna mtoto aliyetangulia ambaye hayupo, na kwa heshima unanyamaza. Kitabuni kijiji kizima kilikuwa kimenyamaza hivyo miaka mingi. Mama Veronika peke yake aliingia kwa mjane, akakaa kwenye kigoda, na kusema, "Dada, nimekuja kukuuliza habari za Masika."

"Wacha hapo," mama alisema.

"Bado hatujajua nani analeta maziwa."

"Nimesema wacha hapo, mutoto."

Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya maharage. Siku iliyofuata alimrudishia Papa Kasereka kijitabu, na hakutaka kingine tena. Nilidhani nimesoma vibaya. Nilijaribu kukumbuka ni neno gani nililikosea. Kisha nikadhani ni kwa sababu tulikiruka cha nne.

Baada ya siku kadhaa, akinisuka nywele, mama aliniuliza taratibu, "Yule mama ya ku kitabu, alimuuliza namna gani?"

Niliogopa. Niliona ni mtego, atanikasirikia nikikigusa tena kisa kile.

"Sikumbuki," nilisema.

Akaendelea kusuka. Hakuuliza tena.

Nilikulia katikati ya watu wanaojua maana ya jina langu, na sikuulizwa chochote. Jina lilikuwa limesema, basi. Hata mimi nilijua nina dada aliyetangulia, kama unavyojua mlima uko pale siku za mawingu. Chuoni Kampala ndipo msichana niliyelala naye chumba kimoja, mgeni wa mambo yetu, aliponiomba nimweleze jina langu. Nilieleza vizuri sana, kama mwalimu. Akasema, "Na Masika wako yuko wapi?"

Kama alizikwa, sikujua wapi. Kama alipotea njiani watu walipokimbia, sikujua. Sikujua hata alikuwa na umri gani. Hapo ndipo nilipomwelewa mama, siku ile aliponisuka nywele: hakuwa akinitega. Alitaka kusikia swali lile linavyotamkwa, na kinywa pekee kilichokuwa karibu kilikuwa changu.

Hata hivyo niliogopa. Je, kama nimeelewa vibaya? Je, kama amekwisha kusahau, nami nikafumua alichokwisha kukishona? Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi Bulembia, kijitabu kikiwa juu ya sanduku. Mwishowe nikaona kwamba nilitaka kijitabu kiulize kwa niaba yangu, nami niwe msomaji tu. Nikakiacha pale pale, nikashuka stendi kutafuta usafiri wa Nyakiyumbu.

Boda iliyonichukua ilipita Kisinga kwenye jua kali. Nilimkuta mama amekaa mlangoni, nywele zimekuwa nyeupe kuliko nilivyoziacha.

"Unakuja bila kupiga simu? Umefukuzwa?"

"Sina kazi ya kufukuzwa, mama."

"Kweli." Akacheka kidogo, akanisogezea kigoda.

Nilikaa.

"Mama, nimekuja kukuuliza habari za Masika."

Jirani alipita, akasalimia, mama akaitikia bila kuniondolea macho.

"Ingia ndani," alisema. "Funga mulango. Alikuwa mutoto ya makelele sana, ule."

Nikafunga mlango, nikakaa miguuni pake.